Upande Anaotazama

Chiriku alikaa katikati ya picha, wima, kama mtu aliyeambiwa asicheke. Nyuma yake ulikuwa ukuta mweupe, na manjano ya kifua chake yalikuwa yamepaushwa na flashi mpaka yakakaribia rangi ya karatasi kuukuu.

Shemeji wa mpiga picha aliinamia kompyuta ya dukani, akapitisha picha moja baada ya nyingine.

"Shemeji, hawa ndege wanaomba viza?"

Mpiga picha alitabasamu kwa mdomo tu. Nusu ya maisha yake alikuwa akipiga picha za pasipoti: uso katikati, masikio yaonekane, kitambaa cheupe nyuma. Tangu mkewe afariki, mikono iliendelea na kazi yenyewe, naye akawa anaiangalia kama mpita njia. Msibani hakulia. Watu walimsifu kwa kujikaza, ilhali yeye alijua hakukaza kitu. Ndani mlikuwa kimya, basi.

Ndege walikuwa wazo la huyu shemeji, mdogo wa marehemu, mshona mapazia mwenye jicho kali la rangi na ulimi usiokaa kinywani. Alitaka mambo mawili kwake: atoke nje apate hewa, na amchapishie picha ya dada yake ya kutundika sebuleni kwa mama. Hilo la pili mpiga picha alikuwa akilipiga danadana.

"Usimweke katikati," shemeji alisema. "Msogeze pembeni, umwachie nafasi upande anaotazama. Ukimbana hivi anakosa pa kwenda. Na hiyo flashi izime. Subiri jua la asubuhi, piga magoti uwe sawa naye, ukuta uwe mbali."

Mpiga picha alitii kama anayemeza dawa. Kesho yake alipiga magoti uani kandokando ya kamba ya nguo. Chiriku akatua, akageuza kichwa, naye akabonyeza. Picha ilitoka na manjano yaliyokolea pembeni, na mbele ya ndege kijani kitupu cha bustani ya jirani. Aliona kuwa ni nzuri, kama mtu anavyoona kuwa mvua imekatika. Hakuhisi kitu, na hilo lilimtisha.

"Hapo sasa," shemeji alisema. "Tufanye na ya dada."

Alikosa kisingizio. Alifungua picha waliyopigwa kwenye harusi ya jamaa, yeye na mkewe wamekaa benchi moja, akaikata kwa mazoea: mke katikati, akicheka, macho yakigonga ukingo.

"Unambana," shemeji alisema taratibu.

Mpiga picha akavuta ukingo upande aliotazama mkewe. Likaingia bega la koti. Akavuta tena. Ukaingia uso wake mwenyewe: kidevu juu, masikio yote mawili, macho yamekazwa kwenye kamera. Picha hii alishaitazama mara nyingi, akikagua mwanga. Mkewe alikuwa akicheka naye, na yeye hakuwa amegeuka.

"Nikate wapi?" aliuliza.

Mteja aliingia, akasalimu, akaulizia picha za pasipoti.

"Leo sipigi, ndugu yangu," mpiga picha alisema, bila kubandua macho kwa mkewe.