Profesa Mishev Anamaliza Kusahihisha

Katika giza la asubuhi ya Januari, Nevyana alisikia kitu kikikwaruza jikoni. Kwaru, kwaru, kimya, kwaru. Akadhani panya amerudi kwenye mfuko wa unga. Akateremka kitandani polepole asimwamshe Raya, mwanawe wa miaka mitano, akashika ndara moja mkononi na kuwasha taa.

Alikuwa Profesa Haralan Mishev. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na chuma cha kupasha joto, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, anachonga penseli nyekundu kwa kisu cha mkate. Maganda ya penseli alikuwa ameyakusanya vizuri kwenye kisahani. Siku hiyo alikuwa ametimiza siku thelathini na sita tangu afe.

"Samahani, binti," alisema. "Kichongeo changu kilibaki ofisini, na ofisi wamempa kijana mmoja wa miradi."

"Hapana shida, Profesa. Nikupe chai au kahawa?"

"Chai. Kahawa daktari alinikataza."

Nevyana akabandika birika. Profesa akafungua mkoba wake na kutoa insha za darasa la jioni. Zilikuwa kumi na moja. Saba alikuwa amezisahihisha kabla ya moyo wake kusimama, na nne zilizobaki zilikuwa zikimkosesha raha kule aliko. Akaona bora azimalizie nyumbani kwa wenyewe, nyumba moja baada ya nyingine. Ya jana ilikuwa ya Kamen, dereva wa basi la umeme. Leo ilikuwa zamu ya Nevyana.

Darasa la jioni lilikuwa la watu wa namna hiyo. Kamen na basi lake, muuguzi mmoja, wauza duka, na Nevyana, ambaye mchana alishona vifuniko vya viti vya magari kiwandani, magari ambayo hakuwahi kuyapanda. Mumewe alikuwa Ujerumani akiendesha lori. Kwa miaka mitano, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni, alimwacha Raya kwa jirani akaenda kusoma fasihi. Sasa ilikuwa imebaki alama moja tu kujaza kijitabu chake cha masomo, ya Profesa Mishev. Mwalimu mkuu wa shule ya mtaani kwao alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mwalimu wa darasa la tatu anastaafu, alete cheti kabla ya tarehe mosi Februari, nafasi ni yake. Asipoleta, atapewa mpwa wa mtu.

Profesa alisoma insha yote pasipo kuinua kichwa. Ilihusu kina mama katika hadithi za zamani, na kwa nini wengi wao wanakufa ukurasa wa tatu.

"Ukurasa wa sita una koma mbili zisizo na kazi," alisema mwishowe. "Zingine zote zinafanya kazi. Lete kijitabu."

Akaandika sita, alama ya juu kabisa, akatia sahihi, halafu akaandika tarehe: 14 Januari.

Nevyana akaitazama ile tarehe. "Profesa," akasema kwa sauti ya chini, "usingeweza kuandika ya Novemba?"

"Novemba nilikuwa sijaisoma. Unataka nianze kughushi leo, nikiwa nimeshazikwa?"

Akamaliza chai, akasuuza kikombe, akaondoka.

Kitivo kilikuwa kimebandika tangazo la kifo chake kila mahali panapobandikwa matangazo ya vifo, kwenye nguzo za taa, kwenye vituo vya basi, kwenye milango ya majengo. Karatasi yenye mstari mweusi pembeni, picha yake katikati, na chini yake maneno *Mpendwa wetu asiyesahaulika*. Nevyana alipomshusha Raya kwenda chekechea, alikuta karatasi ya mlangoni kwao haina picha. Pamebaki mraba mweupe. Bibi Dochka wa ghorofa ya kwanza alikuwa akiyafuta matangazo vumbi kwa kitambaa, kama kila asubuhi.

"Ametoka," bibi akasema. "Kapita hapa na mkoba, kanisalimia vizuri. Mtu wa adabu. Mume wangu huyu ana miaka tisa kwenye karatasi yake hapa mlangoni, hata kunikonyeza hajawahi."

Saa nne Nevyana alikuwa mbele ya meza ya Bi Zdravka, katibu wa kitivo. Bi Zdravka akavaa miwani, akasoma kijitabu mstari kwa mstari.

"Sita! Hongera, mwanangu. Lakini tarehe hii Profesa alikuwa ameshakufa."

"Ndiyo."

"Basi haifai. Marehemu hatoi alama."

"Nifanye mtihani kwa mwalimu mwingine?"

"Ungefanya, lakini somo halipo. Masomo ya jioni yamefutwa yote. Baraza lilikaa Jumatano iliyopita." Na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwema, akamgeuzia kumbukumbu za kikao ajionee mwenyewe.

Wajumbe waliohitajika ili kikao kiwe halali walikuwa kumi na watatu. Waliofika kwa miguu yao walikuwa kumi na wawili, mmoja alibaki nyumbani na mafua. Jina la kumi na tatu lilikuwa Prof. H. Mishev, na mbele yake neno *amehudhuria*.

"Alikuja kweli?" Nevyana akauliza.

"Alikuja. Alikaa pale dirishani. Mkuu alipouliza nani anapinga, akasimama, akaongea, nadhani dakika kumi. Maneno mazuri sana, mimi mwenyewe nilitoa leso. Lakini sikuyaandika. Kwa kanuni, marehemu hana haki ya kusema."

"Ana haki ya kuhesabiwa tu."

"Ya kuhesabiwa anayo. Bila yeye akidi isingetimia."

Mlango wa ndani ukafunguliwa na Mkuu wa Kitivo, Bwana Varadinov, akatoka akiwa na utepe mweusi kifuani. Miaka sita nyuma Varadinov ndiye aliyeihamishia ofisi ya Mishev chini kabisa, chumba kimoja na mashine ya maji ya moto, akisema wazee wanapenda joto. Ndiye pia aliyekata saa zake za kufundisha, mwaka hadi mwaka, mpaka akabakiwa na zile za jioni ambazo hakuna mwingine aliyezitaka. Tangu mazishi alikuwa hajauvua ule utepe.

"Mwanafunzi wa Haralan!" akasema, akamshika Nevyana mikono yote miwili. "Jumamosi ni arobaini yake. Tunataka sauti ya vijana. Wewe una mtoto, unafanya kazi kiwandani, unapendeza kutazamwa. Utatusomea hii."

Ilikuwa karatasi moja iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba wanafunzi wa jioni wanakishukuru kitivo, na kwamba Profesa mwenyewe, katika siku zake za mwisho, aliomba kwa moyo mkunjufu masomo hayo yafungwe ili apumzike kwa amani.

"Lakini, Mkuu, alama yangu..."

"Tarehe? Tarehe ni kitu kidogo, binti yangu. Soma vizuri Jumamosi. Bi Zdravka ana kifutio kizuri tu." Na Bi Zdravka akafungua droo akakionyesha. Kweli kilikuwa kizuri, cha rangi mbili.

Jioni, Nevyana alisimama mbele ya mlango wa jengo lao, Raya amemshika mkono. Profesa alikuwa amerudi kwenye picha yake, tai imelegea kidogo kwa uchovu. Nevyana akamsomea karatasi yote, kwa sauti, kwenye baridi.

"Nani kaandika?" Profesa akauliza.

"Mkuu."

"Nilijua. 'Moyo mkunjufu' anauweka kila mahali, hata kwenye barua za kufukuza watu." Akaikaza tai yake. "Soma, binti. Mimi nimezoea. Nafasi ya darasa la tatu haipatikani kila mwaka, na hao watoto wanakuhitaji kuliko ninavyohitaji mimi kutetewa."

Nevyana akapanda ngazi na mtoto. Usiku ule aliisoma ile karatasi mara nne, na kila mara sauti yake ilikataa kwenye mstari uleule, wa Profesa kuomba masomo yafungwe.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walikuja hata watu ambao Mishev alipokuwa hai hawakuwahi kuteremka ngazi kumfikia. Mwalimu mmoja, aliyekuwa akivuka barabara ili asikutane naye, alisema wamepoteana ndugu wawili wa roho. Mwingine, aliyechapisha utafiti wa Mishev kwa jina lake mwenyewe, alisema marehemu alikuwa mkarimu, na hapo hakudanganya. Mashairi yalisomwa. Bibi mmoja wa idara ya lugha alizimia kidogo na kukamatwa vizuri.

Profesa mwenyewe alikuwa amesimama nyuma, kati ya Kamen na yule muuguzi, mkoba uko miguuni. Insha zote kumi na moja alikuwa amezimaliza. Waliogeuka kumtazama waliinamisha kichwa kwa heshima, kisha wakaendelea kumlilia. Ilipotajwa kwamba hakuwahi kuchelewa, alikubali kwa kichwa. Mengine aliyapitia kwa penseli yake kwenye kidaftari, na wakati mwingine alipiga mstari mrefu.

Mkuu alitangaza kwamba chumba cha darasa la jioni kuanzia leo kitaitwa kwa jina la Mishev, na kwamba kwa ajili ya kukihifadhi kitafungwa kwa kufuli. Watu wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Halafu akaitwa Nevyana.

Alikwenda mbele na Raya, maana mtoto alikataa kuachwa. Akaifungua karatasi. "Ndugu waombolezaji," akasoma, kisha zile shukrani. Mstari uliofuata ulikuwa ule. Mbele yake aliona ubao wa darasa la tatu, na chaki, na watoto ishirini na sita ambao majina yao alikuwa ameshaanza kuyakisia. Aliona pia cherehani ya kiwandani, na viti. Akaikunja karatasi mara mbili.

"Alitufundisha Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni," akasema. "Alikuja hata theluji ilipofunga barabara. Hakuomba tufungiwe. Alipinga kikaoni, mbele yenu. Na alama yangu aliitoa tarehe kumi na nne Januari, baada ya kuisoma insha."

Kamen akapiga makofi kwa mikono yake mipana ya dereva. Mkuu akapiga pia, maana alikuwa akipiga baada ya kila msemaji na hakuwa akisikiliza. Ukumbi wote ukamfuata. Bi Zdravka peke yake ndiye aliyesikia, kwa sababu ni kazi yake. Nevyana alipoteremka, katibu alimwomba kijitabu, akatoa muhuri kwenye mkoba wake wa mkononi, na juu ya ile sita akagonga neno BATILI. Akaupulizia wino ukauke, usije ukachafua alama nyingine.

"Pole, mwanangu," akasema. "Umeongea vizuri."

Nevyana akakirudisha kijitabu kifuani, ndani ya koti. Akawaza kwamba kuna miji mingine, na vyuo vingine, na kwamba Raya mwakani anaanza shule na jioni zitakuwa ndefu. Akawaza hivyo kwa dhati.

Kisha ikaletwa ngano ya arobaini, ile inayoliwa kumkumbuka marehemu, iliyochemshwa na kuchanganywa na jozi na sukari ya unga, katika vikombe vya plastiki, kila kimoja na kijiko chake. Watu wakapanga foleni. Mgawaji alikuwa yule kijana wa miradi aliyepewa ofisi ya Mishev, na alifuata orodha. Mkuu alipewa, aliyezimia akapewa viwili. Nevyana na mtoto wakapewa. Nyuma yao Profesa Mishev alinyoosha mkono, na kijana akatazama orodha, akaupita ule mkono kwa adabu, akampa aliyefuata. Profesa hakuondoka kwenye foleni. Watu walikula, wakaambiana Mungu amrehemu, wakasifia kwamba mwaka huu jozi hazikufanyiwa ubahili.

Raya akashusha kijiko chake.

"Yule babu hajapewa ngano," akasema kwa sauti.