Picha ya Nyonga

Siku aliyorudi kliniki Iringa, Paskalina hakuwa na neno mwilini. Kidonda cha ziwa la kushoto kilikuwa kimefunga, mkono ulipanda mpaka utosini, chakula kilipita vizuri. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akawahi basi la kurudi. Yeye alikaa kwenye benchi la hospitali akiomba apate japo maumivu kidogo ya kumweleza daktari.

Msicheke. Kwanza sikieni alikotoka.

Kule Nyololo alikuwa anaishi peke yake tangu mumewe Silvester afariki. Mtoto wake wa pekee, Ambrosi, alikuwa Mbeya, relini. Kazi mpya, reli mpya, mke mpya, na mama akawa wa zamani. Bado kulikuwa na majirani, lakini ilipojulikana kwamba Paskalina amekatwa ziwa kwa ajili ya kansa, kila mtu akageuka mganga. Huyu akasema inaambukiza, yule akasema inapita kwenye mate. Msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulipofika, watu wakakaa kama kawaida yao, kikombe kimoja kikizunguka mkono kwa mkono, na kilipomkaribia Paskalina kikaruka. Kiliruka tu, kikaenda kwa aliyemfuata. Hata Marta, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akiingia kuomba moto bila hodi, alianza kumsalimia akiwa ng'ambo ya uzio. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ndivyo tunavyosema, na midomo yetu mirefu! Paskalina akaacha kwenda kwenye ulanzi. Jioni alikuwa akipika, akila, akiosha sufuria moja na sahani moja, na kulala.

Wodini mambo yalikuwa mengine. Wakati ule wa kukatwa, kila asubuhi muuguzi alimwekea kiganja kwenye paji la uso. "Umelalaje, mama? Unaumwa wapi?" Paskalina alikuwa na kidonda kibichi kifuani na bado aliingojea asubuhi kwa hamu. Alipoambiwa amepona arudi nyumbani, alilia, na wauguzi wakadhani ni furaha.

Ndiyo maana alikuwa pale kwenye benchi akiomba maumivu.

Daktari Ezekia alikuwa kijana mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Akalitazama kovu, akabonyeza kwapa, akatabasamu.

"Safi, mama. Uvimbe wako tuliuwahi ukiwa mdogo, na tezi za kwapa hazikuwa na kitu. Picha ya kifua nayo ni safi. Nenda nyumbani, uje mwakani."

"Mwakani!" Paskalina hakuinuka. "Na picha nyingine, baba? Yule mwenzangu wa kitanda cha dirishani alipigwa picha mifupa yote."

"Yule alikuwa anaumwa mifupa. Wewe ugonjwa wako ulikuwa mchanga, na huumwi. Mtu wa namna yako simwombei picha za mifupa. Nikikupiga mwili mzima kwa umri huo, sitakosa kuona kitu, na kitu chenyewe kitatunyima usingizi bure. Picha zinafuata maumivu, mama. Kuna mahali panauma?"

Basi, ameulizwa. Paskalina akaupitia mwili wake haraka kama mtu anayechagua kuku wa kumchinjia mgeni. Kichwa? Watampa aspirini na njia. Mgongo? Kila mwanamke mwenye jembe anaumwa mgongo, nani atashtuka?

"Nyonga," akasema. "Hii ya kulia. Usiku hainipi nafasi."

Tabasamu la daktari likaisha. Akaandika kikaratasi cha picha ya nyonga, na kwa kuwa foleni ya picha ilikuwa ndefu, akamlaza.

Jamani, alifurahi! Akala uji na wenzake, akasuka nywele za mgonjwa wa kitanda cha pili, akacheka mpaka muuguzi akamkaripia. Asubuhi kiganja kikaja kwenye paji la uso. "Umelalaje, mama? Nyonga inasemaje?" "Inauma, mwanangu," akajibu, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Njia ya mwongo fupi. Picha ilipotoka, daktari alikuja nayo mwenyewe, akaiinua dirishani kwenye mwanga.

"Unaona hapa? Kuna doa."

Lilikuwa dogo kama punje ya haragwe.

"Ni nini, baba?"

"Sijui. Linaweza kuwa la utu uzima tu, au jeraha la zamani. Lakini doa likikaa palepale panapouma, kwa mtu aliyewahi kuwa na kansa, siwezi kulifumbia macho. Nitakupeleka Dar es Salaam wautoboe mfupa, wauchunguze."

Paskalina akashika ukingo wa kitanda. "Haiumi," akasema.

"Wagonjwa wangu wote wakisikia Dar wanapona."

"Haiumi, daktari. Haijawahi kuuma. Nilikudanganya."

"Mtu anadanganyaje ugonjwa kama huu? Kwa faida gani?"

Hapo yakamtoka Paskalina yote. "Kwa sababu unaniuliza. Nyumbani hakuna anayeniuliza kitu. Hata kikombe hawanipi. Nilitaka kuulizwa tu, baba."

Daktari aliubonyeza mfupa kwa gumba, akaukunja mguu, akauzungusha huku na huku, macho yake yakiwa usoni pa Paskalina. Paskalina hakukunja hata kipaji. Daktari akakaa kitandani pale pale.

"Sasa nimwamini yupi, mama? Yule wa kliniki au huyu wa leo?"

"Huyu wa leo."

"Yule naye aliniapia kwa uso huo huo." Akajisugua macho. "Haya. Dar tuiache kwanza. Nenda nyumbani, baada ya mavuno uje tuipige tena, tuone kama doa limekua. Lakini sikiliza. Ikianza kuuma kweli, usingoje mavuno. Uje siku hiyo hiyo."

Alikuwa ameipata sababu ya kurudi hospitali. Angekuwa radhi kuirudisha.

Ndani ya basi alikaa dirishani, mkono wake ukiwa juu ya nyonga. Alibonyeza, akasikiliza. Akabonyeza tena. Walipopita Mafinga akahisi kitu kama kidole kinachogusa kwa ndani. Labda ni kiti. Labda ni kubonyeza kwenyewe. Loo, mtu akiuogopa mwili wake amwendee nani?

Nyololo kulikuwa na manyunyu. Marta alikuwa kando ya barabara na debe lake la viazi kichwani. Alimwona Paskalina akishuka, akasita, halafu akavuka barabara mwenyewe, akampokea mzigo mkononi.

"Kamwene, mama Ambrosi. Tulisikia wamekulaza. Nimekuwa na aibu, dada yangu, sikufichi. Wamesemaje?"

"Wamesema mimi ni mzima."

"Mungu mkubwa!"

Wakashika njia ya nyumbani. Hawakufika mbali, Marta akasimama.

"Mbona unachechemea?"

Paskalina hakujua kama anachechemea.

"Paskalina. Unaumwa wapi?"

Miezi yote ile alikuwa amelingojea swali hili kutoka kwenye mdomo huu, na sasa jibu lake lilimtisha.

"Siumwi popote," akasema. "Ni basi tu, limenikalisha vibaya."

"Basi jioni nije nikuwashie moto, tukae."

"Usije. Nitalala mapema."

Akauchukua mzigo wake kutoka kwa Marta, akatangulia. Aliukanyaga mguu wa kulia kwa nguvu, sawasawa na wa kushoto, mwenzake aone, na kila alipoukanyaga uliuma.