Alama ya Bega Mlangoni

Fundi wa makochi alipotea njia mara ya pili pale panapokatwa kona ya kwenda ziwani, na kama kawaida yake akasema hakupotea. "Nazunguka tu nione mazingira," alimwambia mkewe. Mkewe akafungua dirisha. Ukiishi na mtu wa namna hiyo unajifunza wakati wa kujibu na wakati wa kufungua dirisha.

Pikapu ilikuwa ya milango minne. Mbele Fundi na mkewe. Nyuma bibi, yaani mama mzazi wa Fundi, pamoja na Kitinda, mtoto wao wa mwisho, ambaye sasa ana ndevu zake lakini jina halimwachi. Kule kwa mizigo hakukuwa na kitu ila kamba na turubai. Fundi aliyashusha makochi ya wateja makusudi, apate nafasi ya godoro na sanduku la binti yake. Mtaa mzima alishautangazia: leo Chiriku analala kwao.

Chiriku ndiye mkubwa wao. Alikwenda kwenye kijiji cha wasanii kando ya ziwa kwa msimu mmoja tu wa joto. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, mtoto harudi. Juzi akapiga simu: "Njooni mwone kazi yangu. Njooni wote." Fundi akaelewa kwamba anaomba kuja kuchukuliwa. Ndivyo alivyo, ukimwita aje kutazama yeye anakuja na kamba.

Walifika jua limewaka. Getini alisimama mwanamke aliyejipaka udongo kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, kimya, hapepesi macho. Bibi akamwonea huruma, akachomoa kipande cha sabuni kwenye mkoba wake akampa. Mwanamke akakipokea kwa mikono miwili, na mpaka leo bibi hajui kama alisaidia au aliharibu. Mbele kidogo Kitinda akaegemea rundo la mabati yenye kutu, akaombwa kwa upole asiegemee, ni kazi ya mtu hiyo. Tangu hapo Fundi aliogopa kugusa hata mti.

Chiriku akatokea kwenye banda la mwisho, karibu na maji, anajifuta mikono. Akamkumbatia mama yake, akampigia goti bibi yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mizigo yako iko wapi?"

"Ingieni kwanza, baba."

Wakaingia, na Fundi akatazama huku na huku. Ilikuwa sebule yake. Kochi refu chini ya dirisha, vitambaa vya kufuma vya mkewe, kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna anayejisumbua kuitoa, pazia la jikoni lenye pindo lililofumuka. Hata harufu ya gundi ilikuwepo. Ila ukichungulia nje ya dirisha unaona ziwa badala ya ukuta wa jirani.

"Umetuhamishia vyombo?" mama yake aliuliza, hajui acheke au akasirike.

"Nimevitengeneza, mama. Vyote."

Fundi hakuamini. Alipiga magoti akalala ubavu kabisa, akachungulia chini ya kochi kutafuta ule mshono wa kuficha ambao hajawahi kumfundisha mtu, hata Kitinda. Akaukuta. Umenyooka, tena umekazwa vizuri. Binti huyu aliujulia wapi? Kazi yake pale karakana ilikuwa kuleta chai tu.

Alipoinuka, watu wake walishakaa, kwa jinsi safari ilivyowachosha. Bibi kwenye kiti chake cha mikono mipana, mkewe karibu na redio, Kitinda amejinyoosha kwenye kochi refu, miguu juu, kama yuko kwao. Kwenye kiti cha Fundi alikaa mzee mmoja mwenye upara, mtazamaji tu aliyekuja kuona kazi, amekunja nne, anatabasamu.

Fundi akasubiri. Nyumbani kwake, yeye akiingia, kuna anayesimama kumpisha kiti, hajawahi kuomba. Hapa hakuna aliyesimama. Akazunguka sebule yake mwenyewe kama mpangaji anayedaiwa, mwisho akaenda kuegemea mwimo wa mlango wa jikoni. Mkono wake, chini kidogo ya bega, ukagusa mbao iliyochubuka.

Akageuka kutazama. Rangi ilikuwa imelika mahali pamoja, pakawa laini na peusi kidogo. Alipajua. Kila mwaka hupapaka rangi upya huku akiwagombeza watoto kwamba wanashika mwimo kwa mikono michafu. Lakini hapa palikuwa chini ya bega lake. Palikuwa usawa wa bega la Chiriku.

Toka pale mlangoni unawaona wote migongo na visogo. Televisheni unaiona ubavu.

"Kiti chako kiko wapi?" alimuuliza binti yake.

"Hapo uliposimama, baba."

"Si ungekaa! Nani alikukataza?"

"Hakuna aliyenikataza. Nikikaa tu, anaingia mgeni. Au chai inaisha."

Fundi akapapasa tena ile mbao. Yeye huyu, mji mzima unakalia kazi ya mikono yake. Alihisi aibu, na alihisi kuonewa pia, maana yeye alidhani mtoto anapenda kusimama.

Akamwendea yule mzee. "Ndugu yangu, samahani. Naomba kiti changu." Mzee akampisha. Fundi akamwashiria binti yake. "Kaa."

Chiriku akakaa, ukingoni kabisa, magoti pamoja. Mara mlangoni wakaingia watazamaji wengine, mume na mke, na yeye akaanza kuinuka, wala hakujua kama anainuka. Baba yake akamwekea mkono begani.

"Kaa, mwanangu. Hao nitawapokea mimi."

Akawaendea, akawakaribisha, akawaonyesha pa kukaa kana kwamba ni wageni wake. Watu wa watu wakabaki wanatazamana. Alipogeuka, Chiriku alikuwa ameegemea nyuma, analia bila sauti, na ni bibi aliyekuwa amesimama, anamtafutia leso.

Jioni pikapu iliondoka na kamba ileile na turubai lilelile. Walikuwa wameshaingia barabara kuu bibi alipomgusa Fundi kwa nyuma.

"Si ulisema tunamchukua mtoto?"

Fundi akapunguza mwendo.

"Nimeshindwa kumwambia apande, mama," alisema. "Angekuja akae wapi?"