King'ora cha Abdulaziz

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi, Twaiba alikuwa akitia mihogo na kipande cha samaki katika kopo la chakula cha mumewe, naye Abdulaziz alikuwa akifunga vifungo vya ovaroli. Saa moja kamili king'ora cha kiwanda kikamlia kifuani, mlio mrefu uliotikisa vikombe mezani. Twaiba akamkabidhi kopo, akamwombea kheri, akarudi jikoni.

Kiwanda chenyewe, cha kusokota kamba za makumbi ya nazi huko Msambweni, kilikuwa kimefungwa tangu mwezi wa tatu. Kamba za nailoni kutoka ng'ambo zilikuwa zimejaa madukani hadi Kona ya Musa, za buluu, kwa nusu ya bei. Abdulaziz mwenyewe alinunua moja akiwa bado ameajiriwa, akamfungia mbuzi wake, na akamfunga nyuma ya nyumba ambako wenzake hawapiti. Mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu. King'ora hakikupata mnunuzi, na siku ya pili kikaanza kulia ndani ya Abdulaziz: saa moja, saa sita na saa kumi na moja, bila kukosea. Kililia hata mazikoni. Watu wakasubiri kiishe, kisha wakaendelea kufukia.

Twaiba alikuwa amesikia kwamba watu wamepunguzwa. Aliona mumewe amebakishwa, na king'ora amepewa akitunze kwa uaminifu wake. Majirani waliojua ukweli hawakumwambia. Mtu husitiriwa, hata na watu ambao kwa mambo mengine hawawezi kufunga midomo.

Sharif, msomaji wa visomo huko Mkongani, alimgusa Abdulaziz kifuani kwa kidole akasema kingetoka kwa kisomo cha siku tatu. Abdulaziz alimshukuru, akarudi nacho nyumbani. Kikinyamaza, angemwambia nini mkewe? Alishinda nyuma ya ukuta wa kiwanda kila siku, akila mihogo yake saa sita kama mtu aliyechoka kwa kazi.

Mwezi wa sita serikali ikatangaza msaada kwa wafanyakazi walioachishwa kazi kwa sababu ya bidhaa za nje: mafunzo ya kazi nyingine, na posho ya mwaka mmoja. Wafanyakazi arobaini wakaandikisha majina. Afisa aitwaye Caroline akaja kutoka Nairobi, akawakusanya katika ukumbi wa chifu.

"Ripoti inasema king'ora cha hiyo kampuni kinasikika mara tatu kwa siku," alisema. "Kiwanda kimefungwa, kinaita watu kazini aje?"

"Kimo kifuani mwa huyu," alisema Kache, aliyesokota kamba kando ya Abdulaziz kwa miaka kumi na tisa.

Caroline akatazama saa yake. Ilipofika saa sita, kikalia. Akaandika.

"Sawa, nimekisikia. Kuwa kifuani si shida. Shida ni kwamba kinaita. Mzee, uko na kazi ama huna?"

Abdulaziz akatazama sakafu. Ukumbini mlikuwa na watu thelathini na tisa waliolijua jibu, na yeye peke yake ndiye aliyetakiwa kulitamka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na uso ulimwaka.

Caroline hakuwa mtu mbaya. Alimpa fomu. Aandike kwamba king'ora hakimwiti popote, na mkewe atie sahihi kama shahidi. Irudi kabla ya Ijumaa jioni. Isiporudi, kiwanda kitahesabiwa kiko wazi.

"Na sisi wengine?" Kache aliuliza.

"Majina yote yatatoka kwenye orodha."

Abdulaziz alikwenda na fomu hiyo mfukoni siku nne. Jumatano aliitoa, Twaiba akiwa anakuna nazi, lakini Twaiba akaanza kumweleza jinsi alivyowaambia wenziwe wa chama cha akina mama kwamba mumewe hakuguswa. Akairudisha mfukoni. Alhamisi hakuitoa kabisa. Ijumaa aliiswalia. Jioni ikapita, fomu bado iko mfukoni, imelowa jasho hata maandishi hayasomeki.

Jumatatu karatasi ikabandikwa kwa chifu. Kiwanda kiko wazi, ilisema, na hakuna anayestahili. Hakuna aliyekwenda kwa Abdulaziz kumlaumu. Aliwangoja wiki nzima, akitamani waje.

Aliyekuja ni Kache, wiki iliyofuata, asubuhi, na bakuli tupu. Aliomba unga kidogo. Abdulaziz alikuwa amesimama mle mle ndani, ovaroli mwilini. Akajua sasa Kache atasema ukweli, na moyoni akamwomba aseme.

Twaiba akampimia vibaba viwili badala ya kimoja.

"Usikate tamaa, mwenzangu," akamwambia. "Huyu atakusemea kwa bosi wake leo leo. Si ndiyo, baba Husna?"

Abdulaziz akasema ndiyo.

Kache akaupokea unga. Akamtazama Twaiba, kisha akamtazama Abdulaziz, muda mrefu kidogo.

"Ahsante, kaka," akasema. "Mungu akuweke papo hapo kazini."

King'ora kikalia. Kache akasogea kando ya mlango na bakuli lake, ili Abdulaziz apite asichelewe.