Jogoo wa Wageni Wote

Nyumba ya Ndaki ilikuwa mahali pabaya kiuchumi. Ilisimama Tinde, karibu kabisa na pale barabara zinapogawanyika, na kila ndugu aliyetoka Shinyanga kwenda Kahama, au Kahama kwenda Nzega, alilazimika kushuka hapo kubadili gari. Akishashuka, alikumbuka kwamba Ndaki yupo. Akishakumbuka, alisikia njaa.

Ndaki mwenyewe alikuwa mtu wa hesabu. Mpunga huvunwa mara moja kwa mwaka, hivyo kipato chake kilikuja mara moja kwa mwaka, na bajeti ya nyumba ilikaa stoo kwa umbo la magunia, ufunguo ukikaa mfukoni mwake. Kila gunia alilitia alama ya mkaa: la chakula, la ada ya Noela, la misiba na michango, la chumvi na sabuni, la mbegu. La mwisho lilikuwa la wageni, nalo kila mwaka lilikuwa la kwanza kuisha. Likiisha, wageni walihamia kwenye gunia la sabuni, kutoka hapo wakaingia kwenye la ada, na kabla mpunga mpya haujachanua Ndaki alikuwa mnadani akiuza maksai.

Alianza na maksai wanne. Sasa walibaki wawili, na wawili ndio wanaotosha kuvuta plau. Akiuza mmoja tena, yeye na Melania watalima majaruba yote kwa jembe la mkono, na mavuno yatakuwa nusu. Ndaki hakulihuzunikia jambo hilo. Alilijua kwa uhakika, na uhakika ulimnyima usingizi kuliko huzuni.

Kilichomaliza magunia hakikuwa wali wa wageni. Kilikuwa kuku. Kwa desturi ya kwao, mgeni wa heshima hachinjiwi kuku kimyakimya huko nyuma ya nyumba. Kuku huletwa kwanza akiwa mzima, mwenye nyumba husema, "Kuku wako huyu hapa," mgeni humpokea, humpima uzito kwa mikono, hushukuru. Kuanzia hapo kuku ni mali ya mgeni, wala mtu mwingine hamgusi. Ndipo huchinjwa, na firigisi huenda kwenye sahani ya mwenyewe. Kuku wa Ndaki walikuwa wakiisha kwa njia hiyo, na kila walipoisha alinunua wengine kwa mpunga wa gunia lingine.

Mwezi wa tisa akaja Marselino, kaka yake Melania, mchimbaji wa dhahabu kwenye duara, yaani shimo la mgodi, huko Geita, akiwa na begi na vumbi la safari. Ndaki akamkamata kuku wake pekee aliyebaki, jogoo aliyezunguka na mitetea ya Melania, kishingo mwekundu, shingo tupu kama mtu aliyesahau kuvaa skafu.

"Shemeji, kuku wako huyu hapa."

Marselino alimpokea kwa mikono miwili. "Wabeja, shemeji. Huyu mnyama kabisa. Nyie mnaishi, bwana. Sisi huko duarani tunakula dagaa mpaka tunaota mapezi."

Hapohapo basi la Nzega likapiga honi barabarani. Marselino akamrudishia jogoo, akanyakua begi, akatoka mbio. "Nitunzie! Nikirudi nitamkuta!"

Ndaki alibaki ameshika jogoo. Mgeni alikuwa amepokelewa kwa heshima zote, ameshukuru, ameondoka ameridhika. Na jogoo alikuwa mzima. Akamwachia chini, akamrushia kiganja cha chenga za mchele kwa usumbufu aliopata, akakaa kwenye kigoda akitafakari.

"Mama Noela," alimwambia mkewe jioni ile, "kinachompa mgeni heshima ni kuonyeshwa. Kula ni nyongeza."

"Mwambie mgeni mwenye njaa," Melania alisema, na akaendelea kupepeta.

Tangu siku hiyo Ndaki akawa mtaalamu wa mabasi. Alijua lipi huwahi, lipi huchelewa, lipi kondakta wake hana subira na abiria. Mgeni akifika, Ndaki alimkaribisha, alimpa maji, alimwuliza habari za kila mtu mpaka za mbwa, na alingoja. Honi ya basi ikianza kusikika kwa mbali, ndipo alipomleta jogoo.

Shangazi Philomena wa Chato alionyeshwa mwezi wa kumi, akiwa safarini kwenda kumwona binti yake Shinyanga. Alimpapasa jogoo kifua, akasema mapaja yake ni ya kuku wa karamu, kisha akapandishwa kwenye gari na Ndaki mwenyewe, aliyembebea kapu kwa haraka ya ajabu. Fredy, binamu yake, mnunuzi wa dhahabu mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa masika, alionyeshwa mwezi uliofuata. Baada yake wakaonyeshwa wengine watatu. Wote walishukuru. Wote walisema kuku wao atunzwe mpaka warudi.

"Kuku uliyempa Marselino umempa Fredy," Melania alisema.

"Marselino hayupo."

"Kwa hiyo mtu akienda chooni unagawa kiti chake."

"Hicho ni kiti, Mama Noela. Huyu ni kuku."

Ikumbukwe kwamba kila alipoonyeshwa, jogoo alipata kiganja cha chenga. Kuku si mnyama mwenye akili nyingi, lakini jambo kama hilo analielewa upesi. Ilifika mahali Ndaki hakuhitaji kumkimbiza. Mtu yeyote mwenye begi akiingia uani, kishingo aliacha kila alichokuwa akikifanya, akaja mwenyewe, akasimama mbele ya miguu ya mgeni na kunyoosha shingo yake tupu. Wageni waliguswa sana. Fredy alisema hajawahi kuona kuku mwenye ukarimu kiasi kile.

Januari ikaisha, na gunia la wageni lilikuwa bado na mpunga. Maksai wawili walikuwa zizini, wanene. Ndaki alianza kutembea kama mtu mrefu.

Kisha parokia ikatangaza siku ya kipaimara, na Noela alikuwa kwenye orodha. Mtoto akipata kipaimara ndugu hualikwa; hilo halina mjadala. Ndaki aliwatumia ujumbe wote sita, akapiga mahesabu ya maharage, wali na mchuzi, na akaona inawezekana. Majibu yaliporudi, yalimwacha ameduwaa na simu mkononi. Shangazi Philomena aliandika kwamba anajua mambo ni magumu, Ndaki asiingie gharama, amchinje tu yule kuku wake. Fredy aliandika hivyo hivyo. Marselino aliandika hivyo hivyo, akaongeza kwamba firigisi aikaange pembeni. Wote sita walimhurumia kwa maneno yaleyale.

"Watakuja sita, kuku wangu mmoja," Ndaki alisema.

"Ulikuwa unasema kula ni nyongeza," Melania alimjibu.

Siku ya sherehe, baada ya misa, wageni na majirani waliketi uani chini ya turubai la kuazima. Ndaki alikuwa amemfungia jogoo ndani ya tenga, tenga ndani ya jiko, na mlango wa jiko akauzuia kwa kinu. Mpango wake ulikuwa kusema kwamba kuku wote sita waliibwa usiku wa kuamkia jana. Aliufanyia mazoezi mpaka uso ukapata huzuni inayostahili.

Alikuwa ndiyo kwanza amefungua mdomo, "Ndugu zangu, kuna jambo," Noela alipokwenda jikoni kuchukua sahani, akasogeza kinu, akaona tenga linatikisika, akamwonea kuku huruma, akamfungulia.

Kishingo alitokea uani, akaona mabegi sita. Kwa maisha yake yote hakuwahi kuona utajiri wa namna ile. Alikwenda moja kwa moja kwa Marselino, akanyoosha shingo. Alipoona chenga haziji, akahamia kwa Shangazi Philomena, akanyoosha shingo. Kisha kwa Fredy. Alikwenda kwa kila mmoja kwa zamu, bila kuruka mtu, kama padri anayegawa komunyo, na hakumkaribia jirani hata mmoja.

"Kuku wangu huyo," alisema Marselino kwa furaha.

"Wa kwako vipi?" Shangazi Philomena aliuliza. "Mimi nilimpapasa kifua kwa mkono huu."

"Shangazi, samahani," Fredy alisema. "Huyu ananijua. Angalia anavyoniangalia."

"Anakuangalia viatu."

Wale watatu wengine nao walisema yao. Kisha nyuso zote zikamgeukia Ndaki, ambaye bado alikuwa na ile huzuni ya kuibiwa usoni na hakujua aiweke wapi.

"Ndaki, mwanangu," Shangazi alisema polepole. "Huyu kuku ni wa nani?"

Ndaki alifikiri. "Ni wa wageni," alisema.

Marselino ndiye aliyecheka kwanza, lakini ndiye pia aliyekumbuka faini. Anayemdhihaki mgeni nyumbani kwake hulipa mnyama, mnyama huchinjwa, waliodhihakiwa hula na ugomvi huisha. Kwa mgeni mmoja ingekuwa mbuzi. Kwa wageni sita, mbele ya majirani, hakuna aliyetaja mbuzi. Macho yalisogea kuelekea zizini, ambako maksai wawili walikuwa wakicheua.

"Wale ni plau," Ndaki alisema. "Jamani, wale si ng'ombe. Wale ni plau."

"Plau ina nundu nzuri," alisema Marselino.

Fredy, ambaye hufanya biashara mpaka usingizini, aliinua mkono. "Ngojeni. Mimi naona jambo hili kwa upande mwingine. Tuseme sisi tulimbilisa." Kubilisa kila mtu pale alikujua: unampelekea mwenzako ng'ombe akutunzie, yeye ananywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na uzao wake wanabaki wako. "Jogoo ni wetu, Ndaki ametutunzia. Sasa tazameni uani."

Wakatazama. Kwa kuwa hakuchinjwa, kishingo alikuwa amekaa miezi mingi na mitetea ya Melania, na uwanja mzima ulikuwa umejaa vijana wa shingo tupu: wekundu, weusi, wa madoa, wote kama wamesahau skafu nyumba moja.

"Uzao ni wetu," Fredy alisema. "Kila mtu achukue wake, maksai wapone."

"Nakubali," Ndaki alisema kabla Fredy hajamaliza. "Nimekubali. Chukueni."

"Wa nani unaowagawa?" Melania aliuliza.

Alikuwa amesimama karibu na sufuria na mwiko wake. Hakupandisha sauti.

"Mitetea ni yangu. Niliileta kutoka kwa mama yangu Nyahanga, na kila mtu hapa anajua. Mkibilisa dume, mnadai ndama?"

Watu walitazamana. Hakuna Msukuma aliyewahi kudai ndama kwa sababu dume lake lilipita zizini kwa mtu. Ndama hufuata mama.

"Hapo amesema kweli," Shangazi alikiri. "Dume letu tumelikuta. Hao wengine ni wa Mama Noela."

"Basi tumerudi kwenye plau," Marselino alisema, na akainuka.

Ndaki alimtazama mkewe. Melania alikoroga mchuzi. Alikoroga kwa muda wa kutosha Marselino kufika nusu ya njia kuelekea zizini na kuanza kufungua kamba ya mlango.

"Mama Noela," Ndaki alisema. "Niuzie kuku sita."

"Kwa nini? Una gunia gani lenye nafasi?"

Alihesabu. Hapakuwa na gunia lenye nafasi, aliyapanga mwenyewe, na la wageni lilikuwa limeishia kwenye wali wa leo. "Sema unachotaka."

"Ufunguo wa stoo."

"Wa leo?"

"Wa kila siku. Nitapanga mimi. Umebana matumizi vizuri, Baba Noela, ila ulichobana hakikuwa chako."

Ndaki aliangalia zizi. Marselino alikuwa ameshika pembe ya maksai wa kushoto, yule mpole. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, na uliposhuka mkononi mwa Melania alihisi wepesi wa aina ambayo hakuwa ameipangia.

Kuku sita walikamatwa. Kila mgeni alionyeshwa wake, na safari hii kila mgeni alimfuata kuku wake mpaka kisuni, akashika miguu mwenyewe. Firigisi zilikuwa sita. Marselino alikula yake kwanza kabla ya wali, kwa tahadhari.

Jumatatu asubuhi Ndaki alikwenda zizini kuwatazama maksai. Walikuwa wawili, wazima. Walihitaji chumvi ya kulamba, kama kila wiki, naye akaenda stoo kuichukua, akakuta mlango umefungwa. Akazunguka nyumba. Melania alikuwa ameketi barazani na ufunguo kiunoni, akimsikiliza Noela aliyehitaji kalamu na alikuwa bado anaeleza ile ya zamani ilikwenda wapi.

"Chumvi ya maksai," Ndaki alisema.

"Ngoja," alisema Melania bila kumtazama. "Kuna mtu mbele yako."

Ndaki akajipanga nyuma ya binti yake na kuanza kuandaa sababu.