Mlango Una Fundi Wake

Mji ulikuwa umechanganyikiwa kwa furaha. Tangu magari ya filamu yaegeshwe karibu na posta, msusi hakupumzika, muuza nyama alikuwa anakata mifupa akiwa amevaa tai, na hata mabibi waliosema filamu ni mambo ya kitoto walikuwa wameshatoa viti nje, mbele kabisa, wakisukumana kama wasichana.

Mtu mmoja tu ndiye aliyetamani ardhi ipasuke immeze: fundi seremala wa hao hao watu wa filamu. Kofia aliishusha hadi kwenye nyusi, na barakoa ya vumbi la mbao haikubanduka usoni hata pale asipokata mbao.

"Fundi, unaogopa watakupenda?" wenzake wakamtania.

Akacheka kidogo, akaendelea kugonga misumari. Hakuwaambia kwamba mji huu ndio uliomzaa, wala kwamba nyumba iliyochaguliwa kwa picha kubwa ya leo ni ya dada yake wa tumbo moja, fundi cherehani. Na mlango wake aliutengeneza yeye, enzi hizo bado anajifunza kazi.

Kosa lake lilikuwa hili. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyepewa mbao atengeneze jeneza. Akasema atakesha. Kweli alikesha, na chupa. Asubuhi wanaume walipokuja kulichukua wakamkuta amelala fofofo ndani ya jeneza lenyewe, halina kifuniko, ubavu mmoja haujapigwa msumari. Mama akazikwa kwenye jeneza lililoandaliwa kwa marehemu mwingine. Yeye akachomoka kwa mlango wa nyuma wa karakana kabla ya maziko, na hakurudi tena. Huko alikokwenda Mungu alimsaidia akaiacha pombe, kwa kuanguka na kuinuka. Kumtazama dada yake usoni ndiko alikoshindwa.

Na filamu yenyewe ungedhani mtu alimchungulia moyoni: ndugu aliyepotea anarudi nyumbani, anabisha, dada anafungua, anamtazama, anamfungia mlango. Kusameheana kunakuja mbele huko.

Shida ikaanza mapema. Binti aliyeigiza dada akauvuta mlango, mlango ukagoma. Akavuta kwa mikono miwili. Ukalia krrr, ukagoma. Mwongozaji, mama mfupi mwenye kipaza sauti kikubwa kuliko kichwa chake, akapaza: "Fundi! Piga randa hapo chini!"

Fundi hajainuka bado, sauti ikatoka ndani ya nyumba: "Mlango huu hauguswi na randa ya mtu yeyote. Una fundi wake!"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Una fundi wake! Je, dada alikuwa anamngoja, au alimwekea kinyongo hadi kwenye mbao?

"Sasa wewe mama unaufunguaje?" mwongozaji akauliza.

"Naunyanyua kidogo, halafu navuta. Tumeshazoeana."

"Basi fungua wewe! Mkono wako tu ndio utaonekana. Uso tutaupiga wa huyu binti baadaye."

"Na nikishafungua?"

"Mtazame aliyebisha, halafu ufunge. Kwa hasira!"

"Hasira ninazo," dada mtu akasema, na mabibi wa viti vya mbele wakashangilia.

Kumbe Mungu alikuwa hajamaliza. Staa aliyetakiwa kubisha akateremka garini shavu limevimba kwa jino, kichwa chake kama cha watu wawili. Mwongozaji akazungusha macho, yakatua kwenye mgongo wa fundi.

"Wewe! Mabega ni yale yale. Mvisheni koti la staa. Kofia na barakoa weka kando."

"Bosi, mimi si mwigizaji."

"Mgongo hauigizi. Bisha, nyamaza, basi."

Akavuka barabara ameinamisha kichwa. Nyuma yake bibi mmoja akamgusa mwenzake. "Mwendo huo naujua."

"Wa nani?"

"Nyamaza tuone."

"Haya, twende!" mwongozaji akaita.

Akabisha. Mlango ukanyanyuliwa, ukavutwa, ukafunguka upana wa kiganja. Akamwona dada yake: miwani imepandishwa kwenye paji la uso, tepu ya kupimia shingoni, nywele zimeingia mvi. Dada akaishusha miwani machoni, akamtazama vizuri. Kisha mlango ukarudi, puu!

"Kata! Safi! Safi sana!" Mwongozaji alikuwa anarukaruka. "Hasira ile hata chuoni haifundishwi! Tunarudia, nipate na ya akiba!"

Watu walipiga makofi hadi mbwa wakabweka. Fundi alibaki pale pale, pua karibu iguse mbao. Ile ilikuwa filamu, au ilikuwa dada? Gari lilikuwa pale, milango wazi. Miguu ilishaanza kugeuka. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia chini ya kitasa: mbao ilikuwa imelika, inang'aa, kwa kunyanyuliwa na mkono wa mtu mmoja kila atokapo na kila aingiapo.

Miguu ikatulia.

"Haya, twende!"

Akabisha. Na aliyeambiwa anyamaze akafungua kinywa. "Dada, ni mimi. Jeneza la mama sikulimaliza, na wewe nikakuacha usimame peke yako kaburini. Sina la kujitetea. Ukitaka kufunga, funga. Nitabisha tena kesho, na shati langu mwenyewe, si koti la watu."

"Kwani hapo ana maneno?" mwongozaji akanong'ona.

"Mwacheni," staa akasema kwa shavu lake bovu, machozi yanamtoka.

Mlango ukalia krrrrr, ukafunguka, safari hii wote.

"Umekonda," dada akasema.

"Ndiyo, dada."

"Hawa wanataka nikufungie tena. Nimeshafunga mara moja, inatosha." Akamtazama juu hadi chini. "Randa unayo, au siku hizi wewe ni mwigizaji?"

"Ipo kwenye gari."

"Basi kimbia kailete kabla bega langu halijang'oka! Mafundi wangapi nimewafukuza hapa wasiuguse, mpaka wananiita chizi. Umekuwa wapi, wewe kijana wa mama? Umekuwa wapi?"

"Ndiye! Si nilisema mwendo ule?" bibi akapiga kelele, akasimama juu ya kiti. Vigelegele vikapasua hewa. Fundi alikimbia na koti la staa likipepea, akarudi na randa, na watu wakampisha njia kama anayebeba maji ya kuzima moto.

Haikuchukua muda mlango ulikuwa umetolewa kwenye bawaba, umelazwa juu ya stuli mbili za kushonea. Maranda yalijikunja yakamwangukia miguuni, meupe, yananukia mbao mbichi. Dada alisimama kando yake akisimamia kazi. "Hapo bado. Na hapo. Usinifanyie haraka haraka."

Mwongozaji akaja mbio na kipaza sauti chake. "Jamani, bado picha moja! Nataka nimwone dada akimfungia mlango kwa mbali, mtaa wote uonekane!"

Dada akageuka. Nyumba ilikuwa wazi nyuma yake. Watu wakaona hadi jikoni, sufuria inatokota.

"Mlango gani, mama?" akauliza, akaingia ndani kuongeza maji.