Mbuzi wa Mama Chantal

Eugénie, mkimbizi wa Kongo aliyetoka kambini Nakivale, alikuwa akimfulia nguo Stellah, mke wa mwanajeshi mjini Mbarara. Bustani ya Stellah ilijaa mihogo, na majani yake aliwatupia mbuzi. Kwao Stellah nani ale majani ya muhogo? Eugénie alimeza mate akikumbuka sombe, kisamvu cha kwao Kongo, lakini kuomba aliona haya.

"Unipe majani kwa mbuzi yangu," akasema.

Kila jioni aliyatwanga, akampikia bintiye Chantal, aliyekuwa amedhoofu kwa ugali mtupu. Mashavu yakaanza kujaa.

"Krismasi imefika," Stellah akasema. "Leta hiyo mbuzi nione. Lazima imenona!"

Kesho yake Eugénie alikuja amemshika Chantal mkono.

"Mama, mbuzi yangu njo huyu."